Mlango wa Pijo ya Athanasi

Bombambili, Songea
21 Januari 2024

Mdogo wangu Thadei,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia hapo ulipo, basi naendelea. Sisi huku wazima. Mvua zinanyesha vizuri, mahindi yamefika kiunoni, na maharage yangu yameyapita ya Getruda jirani, ambaye alipanda kwa mbolea ya dukani nami nikapanda kwa samadi ya nguruwe wangu. Binti yangu Suzana bado ana kibanda chake cha vitenge kule Msamala, anakuamkia sana. Goti langu linauma asubuhi tu. Dorine wako hajambo? Korosho zimewaendeaje?

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya huko shambani kwako inashika ukipanda juu ya kichuguu, na tena mambo mengine ukiyasema kwenye simu yanadondoka njiani. Sefu, kondakta wa basi la Tunduru, atakukabidhi mkononi pamoja na hao dagaa wa Nyasa. Majibu mpe yeye huyo huyo.

Sasa kaa chini. Egidi anapewa upadri mwezi wa saba. Egidi wangu, yule uliyekuwa ukimwita Kamasi. Ni shemasi sasa, na Kilatini anakisoma kama wewe unavyosoma bei ya korosho. Hapa Bombambili wapo akina mama wenye watoto wahasibu, wapo wenye manesi, yupo mmoja ana rubani kwa maneno yake mwenyewe. Mwenye padri ni mimi. Sijisifu, nasema kilichopo.

Jumapili tarehe 14 Julai atasoma Misa yake ya kwanza hapa parokiani kwetu. Nami nimeamua atakwenda kwa gari la baba yake. Unakumbuka marehemu Athanasi alivyokuwa akimpakata kwenye usukani na kumwambia, "Siku yako kubwa nitakuendesha mimi." Basi baba hayupo, lakini Pijo ipo. Tangu lori lilipoiburuta kutoka kule mlikopatia ajali mwaka 2002, ipo nyuma ya jiko chini ya bati, kuku wanatagia humo kizazi kwa kizazi. Fundi Alfani wa Msamala ameitazama, kasema injini inazungumzika. Tabu ni bodi. Fenda ya kushoto imejikunja kama kanga iliyokamuliwa, boneti imevunjika mgongo, sakafu imeliwa na kutu. Na mlango wa dereva haupo.

Hapo ndipo ninaposhangaa, Thadei. Upande wa kushoto uliogonga mti umekuja nyumbani wote. Mlango wa kulia, ambao mti haukuugusa, haukuja. Ulisema ulibaki porini. Sawa.

Mfuko wetu ni mdogo. Jumuiya inachangia kanzu na kikombe cha Misa, haichangii bati. Wewe huko unawajua wauza vyuma chakavu. Nitafutie fenda, boneti na mlango wa dereva wa Pijo 404 pikapu. Huo mlango hasa.

Dada yako,
Ekaristia, Mama Shemasi

*

Tunduru
11 Februari 2024

Dada Ekaristia,

Shikamoo. Na milele amina, maana sikuitikia kwa sauti. Dagaa wamefika salama, Dorine kawakaanga wote siku hiyo hiyo, kifua chake kimepoa. Korosho mwaka huu zilichanua vizuri kisha ukungu ukazipiga. Tunakula hatulali njaa.

Hongera kwa Egidi. Mwambie mjomba wake amelifuta lile jina la Kamasi kuanzia leo.

Fenda nimepata. Kuna 404 imelala nyuma ya mashine ya kukoboa, mwenyewe ameruhusu ifunguliwe. Ina kutu pembeni, Alfani atakata na kuziba. Naambiwa Dar wanauza mpya za kuigiza, lakini fenda usinunue huko. Ya zamani bati lake ni zito, hata ikiwa na kovu. Boneti hapa sijaona nzima, basi hiyo nunua ya kuigiza, kazi yake ni kufunika tu. Sakafu Alfani aikate kwenye bati la kawaida. Nani atachungulia chini ya miguu ya padri?

Hiyo 404 ya mashineni ina mlango wa dereva, ila umeoza chini. Tutapata mwingine. Usiwe na haraka na mlango.

Korosho hizo kidogo ni za Suzana.

Mdogo wako,
Thadei

*

Bombambili
10 Machi 2024

Mdogo wangu Thadei,

Salamu nyingi zikufikie wewe na Dorine. Hapa tumo kwenye Kwaresima, nimeacha sukari, na nimemwambia Getruda aache kusengenya, kasema yeye ataacha nyama.

Fenda imefika na imekaa. Alfani aliigonga kwa kifundo cha kidole akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, akasema, "Mama, hili ni bati." Boneti ya Dar nayo imekuja. Nilipoigonga ililia kama debe tupu, na ukiegemeza kiwiko inabonyea. Lakini imepakwa rangi ya bluu ileile ya Pijo, na kwa mbali inang'aa. Alfani ana kanuni yake: kinachokaa tu kitengenezwe, kinachotembea kiwe cha asili. Sakafu inakaa, fenda inakaa, boneti inafunguliwa mara moja kwa mwezi. Mlango ndio unaokwenda na kurudi kila siku, lazima uwe wa gari lenyewe au wa ndugu yake wa damu. Kanuni yake nzuri, ila ahadi zake mbovu. Kila nikimwuliza lini, ni kesho kutwa.

Getruda alichungulia ukutani akaniambia, "Mama Egidi, gari la marehemu mnalifufua Kwaresima hii hii?"

Nikamwambia, "Ndiyo, na Pasaka litatembea. Wewe andaa pa kusimama ulitazame."

Egidi alikuja siku moja tu, akalizunguka gari lote. Akaweka mkono pale pasipo na mlango, akaniuliza, "Mama, baba alikaa hapa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi tusiliendeshe likiwa wazi hivi. Kama mlango haupatikani, nitakwenda na gari la paroko, na wewe usihuzunike." Nisihuzunike! Gari la paroko limebeba maaskofu na mifuko ya saruji, halijapata kumbeba Athanasi.

Sasa kuna jingine, ambalo hata Suzana sijamwambia. Tangu Alfani alipoinyanyua Pijo juu ya matofali, jioni nikiwa nachambua maharage nasikia mlango unafungwa. Si wa jiko, si wa choo. Ni mlango wa gari. Wa kushoto Alfani ameuchukua Msamala kuunyoosha. Wa kulia haupo. Gari halina mlango hata mmoja, Thadei, na mlango unafungwa. Mara ya kwanza nilikwenda kutazama na ungo wangu mkononi. Kuku wote walikuwa wametoka humo, wamesimama nje wamelitazama gari.

Wewe ulikuwa naye siku ile. Niambie unaonaje.

Dada yako,
Mama Shemasi

*

Tunduru
14 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na homa, kisha mvua ikakata njia ya huku shambani, Sefu akawa ananisubiri stendi bure. Dorine hajambo. Tumepata ndama, jike.

Nimekutafutia mlango. Upo wa pikapu 404 kabisa, ya mfanyabiashara mmoja wa mawe ya vito. Hauna kutu, kioo kinapanda na kushuka, bawaba zake mbichi. Sitakuficha, gari lilipinduka na dereva hakupona. Ila mlango ni mzima na mwenyewe hana tamaa. Kama huutaki, la pili ni Alfani agonge wa kwake kwa nyundo. Na la tatu ni ule uliooza chini, ukatwe nusu na kuunganishwa. Mimi ningechukua wa kwanza. Nijibu upesi, wapo wengine wanaoutazama.

Mambo mengine uliyoandika nimeyasoma.

Mdogo wako,
Thadei

Nilisahau kuuliza. Huo mlango unaousikia, unafungwa mara ngapi?

*

Bombambili
5 Mei 2024

Thadei,

Tumsifu Yesu Kristo. Tu wazima. Hongera ya ndama. Pasaka ilipita vizuri, Egidi alihubiri parokiani, mzee mmoja akalia mpaka akatoka nje, na si mzee wa kulia ovyo.

Mlango wa mfanyabiashara siutaki. Nimwingize marehemu wa watu kwenye gari la marehemu wangu, wagombee usukani? Mrudishie mwenyewe shukrani. Alfani naye aligonga wake, kazi ya jasho kweli. Ukifunga juu, chini unacheka. Ukibana chini, juu unapitisha mkono. Ule uliooza sitaki kuusikia, siwezi kumpandisha padri kwenye kiraka.

Umeniuliza unafungwa mara ngapi. Unafungwa mara mbili. Ya kwanza kwa mkono, hafifu. Ya pili nzito, kama nyonga. Unakumbuka kitasa kile kilivyochoka, hakikushika mpaka Athanasi aupige mlango na nyonga yake, nami nikawa namcheka kwamba anacheza ngoma na gari. Ndivyo unavyofungwa. Halafu baada ya kitambo unafungwa tena, kama mtu ambaye kitasa hakikumshikia.

Sasa na mimi nikuulize. Mtu asiyejua kitu angeuliza, dada unasikia nini, au angesema, dada umezeeka. Wewe umeuliza mara ngapi. Kwa nini?

Sikusumbui. Nakukumbusha tu maneno ya bibi yetu, kwamba kitu cha marehemu kilichobaki na mtu hakidaiwi, aliye nacho ndiye hukileta. Alisema hivyo tukiwa wadogo, tulipokuwa tunagombania blanketi la babu, na wewe ukaenda kulirudisha mwenyewe hujaambiwa.

Miezi inakwisha. Pijo inawaka, inakwenda mbele na nyuma. Imekaa uani na shimo ubavuni.

Dada yako,
Ekaristia

*

Tunduru
16 Juni 2024

Dada yangu Ekaristia,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Dorine ndiye aliyeniambia jana, "Mwandikie dada yako au nitamwandikia mimi." Basi.

Mlango haukubaki porini. Upo hapa kwangu, ghalani, nyuma ya magunia ya korosho, nimeufunika mkeka. Upo tangu mwaka ule.

Nilikuambia Athanasi alikufa palepale hakusema neno. Hapana. Tulipogonga, usukani ulimbana kifuani, lakini alikuwa ananitazama. Watu wa kijiji cha jirani walikuja na mapanga na taa. Hapakuwa na kitanda wala mti wa machela. Mmoja akasema, "Ng'oeni huo mlango, ndio machela yake." Wakagonga bawaba, wakaung'oa, tukamlaza juu yake. Tukamshika wanne, tukaanza kutembea kwenda zahanati.

Njia nzima alikuwa anasema neno moja. "Thadei, funga mlango." Namwambia, "Shemeji, tulia, tunakaribia." Ananyamaza, kisha anasema tena, taratibu kabisa kama siku zote, "Thadei, mlango uko wazi, funga, vumbi linamwingia mtoto." Alidhani Egidi yumo. Na mimi nifunge nini, dada? Mlango ameulalia yeye. Mara ya mwisho alikasirika kidogo. Alisema, "Huwezi kuufunga kwa mkono peke yake." Tulipofika zahanati alikuwa ameshakwenda.

Nawe unajua mila yetu. Kitu kilichombeba mtu akafia juu yake hakiingii ua aliotoka mpaka kipitishwe kaburini kwake, kioshwe. Kukipitisha kaburini ni lazima wewe uwepo, na ungeuliza, mlango huu umefanya nini. Ningekuambia nini, nawe ulikuwa umemshika mtoto mkono, umeamini hakuumia? Nikaona bora ukae kwangu. Kuutupa sikuweza. Kuuza sikuweza. Nilikutafutia milango ya watu wengine Tunduru nzima, ndani ninao wako.

Na tangu uliponiandikia ile sauti, siingii ghalani. Huku haufungwi. Huku unatetemeka tu, kama unaosubiri.

Nautuma na Sefu Jumamosi. Mimi sitakuja na mlango. Usiniulize. Nitajitahidi tarehe 14.

Thadei

*

Bombambili, Songea
17 Julai 2024

Mdogo wangu mpendwa Thadei,

Tumsifu Yesu Kristo, na safari hii itikia kwa sauti. Dorine hajambo? Ndama anaendeleaje? Tarehe 14 nilikutafuta kwa macho kanisa zima, nikakukosa. Sikasiriki. Nakuandikia ili uyaone.

Mlango ulifika juu ya basi, ndani ya mkeka wako. Sefu aliushusha mwenyewe, hakuwaachia vibarua. Mimi na Suzana na Alfani tukaupakia kwenye guta, hatukupita nyumbani, tukaenda makaburini moja kwa moja. Tukaulaza pale juu ya Athanasi. Nikauosha kwa maji yenye unga, ndani na nje, mpaka kwenye kishikio. Alfani si wa dini yetu. Alivua kofia akasimama pembeni, akaomba kwa namna yake, nikasikia amini yake ikaingia kwenye amina yetu. Nikamwambia Athanasi, "Thadei amekuleta. Imemchukua muda, lakini mzigo ulikuwa mzito." Kisha tukauchukua nyumbani.

Alfani alisema bawaba zitahitaji kunyooshwa. Hazikuhitaji. Pini ziliingia kwa kidole. Rangi ilikuwa imepauka kuliko boneti ya Dar, akataka kuipulizia zifanane. Nikamkatalia. Acha ipauke.

Sasa nikuambie nawe. Nilikuwa najua. Mwaka ule Suzana alipokuja kumwuguza Dorine, alitumwa ghalani kuchukua gunia akaona bluu nyuma ya mkeka. Aliporudi aliniambia, nikamwambia nyamaza. Sikukuuliza, kwa sababu ningeuliza mlango ningejibiwa kifo. Uliniambia hakusema neno, nami nikalishika hilo kwa mikono miwili, maana asiyesema neno hakuumia. Nikaanza kukutuma milango, nikikataa mmoja baada ya mwingine, nikingoja ule mmoja. Na ulipouleta na maneno yake nililia siku nzima. Suzana akaniuliza ninalilia nini. Nikamwambia, baba yenu alikuwa anamwogopea mtoto vumbi. Kilio kizuri kile, Thadei. Nilikuwa nakidai na sijui.

Jumapili yenyewe, jamani. Nilivaa kitenge kipya, kilemba kirefu mpaka Getruda akahama benchi apate kuona altare. Kabla ya kutoka, Egidi alikaa ndani ya Pijo na kanzu yake nyeupe, Alfani akashika usukani. Akavuta mlango, ukarudi. Akavuta tena, ukarudi. Watu wa jumuiya wamesimama na matawi, kwaya inasubiri, jasho linamtoka fundi wangu. Nikamwambia, "Ngoja." Nikazunguka upande wake. Nikaupiga kwa mkono, kisha nikaupiga kwa nyonga, na goti langu hili hili. Ukashika. Vigelegele vikapigwa, wakidhani ni ngoma. Mimi nikainama dirishani nikasema polepole, "Umefungwa, baba Egidi. Vumbi haliingii." Egidi alinisikia. Alinyoosha mkono akanishika kidole.

Akaenda na baba yake mpaka mlangoni mwa kanisa. Alivyoimba Misa ile sitakusimulia, utasema najisifu. Waulize watu wengine, watakuambia yaleyale.

Tangu siku ile jioni zangu zilikuwa kimya. Kuku wamerudi kulala uvunguni mwa gari. Nikasema, basi, yamekwisha. Lakini jana nikiwa napeta mchele, jua limeshuka, nilisikia tena. Haukufungwa. Ulifunguliwa, mara moja, taratibu, kama mtu aliyezima gari mwenyewe. Nikaenda kutazama. Mlango umefungwa vilevile nilivyouacha, na kuku wamelala.

Nadhani shemeji yako ameshuka. Nilimwekea maji ya kunawa kizingitini, nikaendelea na mchele wangu.

Njoo sasa. Hakuna kitu cha kuulizana.

Dada yako,
Ekaristia, Mama Padri